Mgeni wa Mwaka Kogwa

Makunduchi ni mji mdogo wa kusini mwa kisiwa cha Unguja, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe. Anayetoka mjini hupanda daladala nambari 310, akapita Tunguu, msitu wa Jozani na Kitogani, na kila anavyozidi kwenda kusini ndivyo minazi na miembe ya udongo mzuri inavyopungua na maweni yanavyoanza: ardhi ya matumbawe, yenye udongo haba, inayomtaka mkulima apande mbegu zake katika vishimo baina ya mawe. Hakuna mto wala maporomoko ya maji. Makunduchi maji yamo mapangoni, chini ya mawe, na yamo baharini. Bahari hiyo ndiyo wenyeji huogea mwaka wao, mwishoni mwa Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa.

Sherehe hii imezua maswali mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni la dini: vipi watu wanaoswali sala tano, katika wilaya yenye mmojawapo wa misikiti ya kale kabisa ya pwani hii, wafanye pia ada ya moto na maji isiyotajwa na Qur'ani wala na vitabu vya fiqhi? La pili linamhusu anayekuja kutazama: je, ada inayotazamwa na wageni hubaki kuwa ada, au hugeuka maonyesho? Maswali haya aghalabu huulizwa mbalimbali, la kwanza misikitini na la pili katika mikutano ya utalii. Ni kosa kuyatenganisha, kwani jibu la moja hulibadilisha la pili.

Kwanza ni lazima kueleza yanayofanyika. Watu hukusanyika katika kiwanja cha Kae Kuu. Wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana na kupigana kwa vigogo na mabua ya migomba, vitu vinavyouma bila ya kuua. Wanawake, waliovaa nguo zao bora, huzunguka wakiimba, na nyimbo zao siku hiyo zina ruhusa ya kusema yale ambayo siku nyingine husemwa kwa kunong'ona: kejeli kwa wanaume, matusi ya utani, siri za mapenzi. Kisha hujengwa kibanda cha makuti. Mzee mmojawapo wa wanaoshika mila huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio kabla ya ndimi za moto kumfikia. Baada ya hapo huja kuoga baharini, kula, kutembeleana na kupiga ngoma. Zamani shamrashamra zilichukua siku nne, na wapo wanaozitimiza zote hadi leo.

Wenyeji wana maelezo kwa kila kitendo. Mapigano humaliza ugomvi wa mwaka unaokwisha. Aliyekuwa na kinyongo na jirani hukitoa pale uwanjani, na akitoka pale hana haki tena ya kukirejea. Kibanda kikiungua na mzee akaokoka, hutarajiwa kwamba hapana atakayekufa kwa kuunguliwa na nyumba mwaka mzima. Bahari huondoa uchafu na mikosi ya siku zilizopita. Na jambo la nne, ambalo waandishi wengi hulitaja kwa haraka na kulipita: kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni. Mtu asiye na mgeni siku ya Mwaka huona siku yake imepungua.

Siku yenyewe hupatikana kwa hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 kamili. Mwaka huo hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zinazosalia hukamilisha hesabu. Jina lake ni la Kiajemi, sawa na Nowruz ya Iran. Lakini Wairani wa leo husherehekea mwezi Machi, wakati Makunduchi husherehekea Julai, na tofauti hiyo ina sababu. Mwaka 1079, katika zama za mwanahisabati na mshairi Omar Khayyam, kalenda ya Iran ilitengenezwa upya ili mwaka mpya ubaki palepale penye mwanzo wa majira ya machipuo. Nairuzi ya pwani ya Waswahili haikupata marekebisho hayo. Kwa kuwa haina mwaka mrefu, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Katikati ya karne ya 19 siku hii iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo iko katika wiki ya nne ya Julai. Waparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, ambao baadhi yao waliishi Mji Mkongwe na kujenga hekalu lao Unguja, wana hesabu ya namna hiyohiyo, na ndiyo maana mwaka mpya wao huangukia Julai kwa baadhi na Agosti kwa wengine.

Kutokana na jina hilo wengi hukimbilia kusema kwamba moto wa Makunduchi ni mabaki ya dini hiyo ya kale, ya Zoroaster, iliyoletwa na Washirazi, wanaosemekana kutoka Shiraz huko Uajemi. Madai ya asili ya Shirazi yana uzito mkubwa katika historia ya Unguja. Yamebeba nasaba za watu na hata jina la chama cha Afro-Shirazi cha mwaka 1957. Hata hivyo, hesabu ya siku inaweza kusafiri majahazini bila ya kubeba dini yote iliyoizaa. Vigogo vya migomba, nyimbo za wanawake na mamlaka ya wavyale, wazee wa koo wanaosimamia ardhi na mizimu yake, ni mambo ya mahali hapa na ya Afrika hii. Na hata kama asili ya moto ingejulikana kwa yakini, isingetosha kuamua maana yake leo. Anayeoga baharini siku ya Mwaka hafikirii Uajemi. Anafikiria mwaka wake, watoto wake, deni lake na jirani yake.

Pwani ilihitaji Nairuzi kwa sababu ya kazi. Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi, una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote: mara iko masika, mara kiangazi. Kwa ibada hilo halina dosari, na wapo wanaoliona kuwa ni rehema, kwani hakuna nchi inayobebeshwa saumu ya siku ndefu daima. Lakini nahodha anayesubiri kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, hawezi kuutegemea mwezi. Mkulima wa maweni naye hawezi. Wote wawili walihesabu miongo. Hivyo Waislamu wa pwani waliishi na kalenda mbili bila ya kuona kwamba moja inaipinga nyengine: ya mwezi kwa sala, saumu, hija na nyakati za eda, ya jua kwa mbegu, tanga na mwaka wa kazi. Siku ya Mwaka haikuwa ya Makunduchi peke yake. Lamu na Mombasa ilijulikana pia, na huko ng'ombe alizungushwa mjini huku Qur'ani ikisomwa, kisha akachinjwa kuwa sadaka.

Leo nahodha ana utabiri wa hali ya hewa na mkulima ana redio na simu. Nairuzi imepoteza kazi yake ya vitendo, na kwa kurudi nyuma siku moja kila miaka minne hata majira haiyafuati tena sawasawa. Kilichobaki ni maana tupu ya kumaliza mwaka na kuanza mwengine. Hapo ndipo swali la dini linapokuwa zito zaidi, kwa sababu ada isiyo na faida ya kilimo wala ya safari inabidi ijitetee kwa maana yake tu.

Hoja za wanaoipinga ni za kweli na zinastahili kusikilizwa kwa heshima. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili za kucheza tangu zama za ujahili, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa zilizo bora zaidi: Idi ya kufuturu na Idi ya kuchinja. Wanazuoni wengi wameifahamu hadithi hii kuwa ni kufunga mlango wa sikukuu nyengine, na Nairuzi hutajwa kwa jina katika mijadala yao. Zanzibar imekuwa na wasemaji hodari wa msimamo wa kusafisha dini. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1982, Kadhi wa Zanzibar na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, mfasiri wa Qur'ani kwa Kiswahili, aliandika waziwazi kupinga uzushi katika dini. Vizazi vilivyofuata vya walimu, wengine wakiwa wamesoma Saudi Arabia na Sudan, vimekuwa vikali zaidi. Kwao kibanda cha makuti ni shirki, na mwenye kuamini kwamba kuungua kwake kunalinda nyumba yake amempa kibanda sifa ya Mola.

Hoja hii inarudi katika suala la kale la sababu. Katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, jirani na Makunduchi, msikiti una maandishi ya Kikufi yanayoonyesha mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Wakati huo huko Mashariki alikuwa angali hai Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki 1111, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Wazanzibari wengi. Al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alichukua mfano wa moto na pamba. Moto ukigusa pamba, pamba huungua. Lakini, alisema, tunachokiona ni mambo mawili yanayofuatana tu. Moto hauna uwezo wa nafsi yake. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu, na kufuatana kwa mambo hayo ni kawaida aliyoiweka, anaweza kuiondoa akitaka.

Ukilichukua fundisho hili hadi Kae Kuu, linakata pande zote mbili. Linamkata anayedhani kwamba kibanda kina nguvu. Lakini pia linampa nafasi yule anayesema kwamba anafanya kama walivyofanya wazee wake, akiomba kwa Mungu peke yake mwaka wa salama, na kwamba kibanda kwake ni ishara ya dua hiyo. Fiqhi yenyewe hutenganisha ibada na ada: katika ibada halizidishwi jambo bila ya dalili, na katika ada asili yake ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Kanuni ya kwamba ada huzingatiwa katika hukumu ni miongoni mwa kanuni kuu tano za fiqhi. Kwa mizani hiyo, kupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza ugomvi ni ada, na lengo lake ni sulhu, jambo ambalo Qur'ani inalihimiza. Kutembeleana, kulisha na kuoga baharini ni ada. Sehemu isiyoweza kuokolewa na mizani hiyo ni ile inayofanyika mbali na macho ya wengi: kufukiza ubani na kupeleka vyakula kwenye mizimu huku ukiomba kwa asiyekuwa Mungu. Hapo hoja ya wanazuoni imesimama, na mtetezi wa mila hatendi haki anapoificha sehemu hiyo chini ya ngoma na vyakula ili wageni wasiione.

Jambo moja katika mzozo huu husahaulika, nalo ni la msingi. Sheikh anayekataza na mvyale anayesimamia wanakubaliana kwamba kinachofanyika Kae Kuu ni kitu chenye uzito. Mmoja anakiogopa kwa ajili ya imani, mwengine anaogopa kukiacha. Wote wawili wanaamini kwamba tendo la mwanadamu lina matokeo mbele ya aliye mkubwa kuliko mwanadamu. Ubishi wao umedumu kwa vizazi ndani ya ukoo uleule, wakati mwengine ndani ya nyumba moja, bila ya kuuvunja mji. Hilo peke yake ni elimu kubwa ya kuishi pamoja.

Kuna sauti ya tatu ambayo inadai kuumaliza ubishi huo kwa kusema kwamba Mwaka Kogwa ni utamaduni tu. Neno hilo limeingia kwa nguvu pamoja na utalii. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Julai ni kilele cha msimu wao, na tangu 1998 Mji Mkongwe una tamasha la filamu la nchi za majahazi, ambalo kwa miaka mingi lilifanyika mwezi huohuo. Ni rahisi kumweka mgeni katika basi asubuhi, akaone moto, akarudi Mji Mkongwe kabla ya magharibi. Viongozi wa Serikali nao huhudhuria, hotuba hutolewa, kamera huwekwa palipo na mwangaza mzuri. Ada iliyokuwa ikiongozwa na hesabu ya wazee na neno la wavyale hulazimika kufuata saa ya wageni rasmi.

Sauti hii ya tatu huonekana ya upole, kwani haimkatazi mtu kitu. Kwa hakika ndiyo inayodhuru zaidi. Anayesema ni utamaduni tu amempokonya sheikh hoja yake na mvyale amana yake kwa pamoja, kwani wote wawili huambiwa kwamba kibanda hakina maana zaidi ya kupendeza macho. Mila iliyokatazwa inaweza kuishi kwa siri, na mila inayobishaniwa hubaki ikifikiriwa na vijana. Mila inayopigiwa makofi na kulipiwa kiingilio huishi mpaka siku ambayo wageni watapata kitu kingine cha kutazama.

Lakini haifuati kwamba mgeni asiende. Hapa Mwaka Kogwa unatofautiana na ada nyingi za Afrika, ambazo humweka asiye mwenyeji nje ya uzio. Sharti la kila nyumba kuwa na mgeni limo ndani ya ada yenyewe. Bila ya mgeni, Mwaka umepungua. Kwa hiyo kuja kwa watu wa mbali hakukuharibu kitu kilichokuwa kimefungwa. Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo. Swali ni kama aliyeingia ameingia akiwa mgeni au akiwa mtazamaji, na tofauti ya hao wawili si ya rangi wala ya pasipoti. Kijana wa Mji Mkongwe anayekwenda kupiga picha za simu na kurudi ni mtazamaji. Mwanamke wa Ulaya aliyefikia kwa mwenyeji, akala naye na kusaidia kuosha vyombo, ni mgeni.

Pwani hii ina desturi ya zamani ya kutomwacha mfikaji bila ya mwenyeji. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia kwamba Mogadishu meli ikitia nanga vijana wa mji huiendea na vyakula, na kila mfanyabiashara huchukuliwa na mtu wake, ambaye humpa malazi na kumsimamia katika kuuza na kununua. Mfikaji hakuachwa kuzurura. Alitiwa katika nyumba, na nyumba hiyo ikamjibia. Mgeni namna hiyo hutazama, lakini naye hutazamwa: mavazi yake, adabu yake, namna anavyokula na anavyoaga. Ana wajibu. Anaweza kuaibisha nyumba iliyomchukua, na kwa sababu hiyo hujizuia.

Wajibu huo ndio unaojibu swali la pili. Ada haigeuki maonyesho kwa kuonekana. Hugeuka inapoonekana na watu wasiodaiwa chochote. Idi husaliwa uwanjani, hadharani, na haipungukiwi na ibada kwa kuonekana, ilimradi nia ya wanaosali haikuhama kwa wanaotazama. Mwaka nao uko vivyo hivyo. Wazee wa Makunduchi wana haki ya kuamua ni siku ipi, saa ipi, nani asogee karibu na moto na nani akae mbali. Wana haki ya kukataa kamera mahali fulani bila ya kutoa sababu. Na walimu wa madrasa wa mji huohuo wana haki ya kusema wazi, mbele ya wageni, kwamba wao hawaukubali Mwaka, bila ya kunyamazishwa kwa hofu kwamba watalii watakwazika. Mgeni anayesikia maneno ya pande zote mbili atakuwa ameijua Makunduchi zaidi ya aliyeona moto pekee.

Kwa anayetaka kwenda, mambo ya kufanya ni machache. Atafute kwanza nyumba ya kumpokea, kabla ya kutafuta gari, na asifike mikono mitupu. Avae nguo ya kufunika mabega na magoti, kama inavyotakiwa kote Unguja nje ya fukwe za hoteli. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na zaidi kwa wanawake wanaoimba, kwa sababu uhuru wao wa siku ile ni wa pale uwanjani na haukukusudiwa kusambazwa. Akipenda kuuona msikiti wa Kizimkazi, aulizie mwangalizi wake na avue viatu. Asiulize kibanda kinamaanisha nini kisha akaridhika na jibu la mtu mmoja; amuulize mzee, na amuulize mwalimu wa madrasa. Na akikaribishwa chakula asiondoke kabla ya kula.